Shajara ya mradi: nyumba ya Ngamiani kabla ya masika na Idi

Jumamosi, 10 Januari 2026. Hali ya nyumba na mpango

Nyumba iko Ngamiani, Tanga. Vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, baraza mbele, uani nyuma penye jiko, bafu na choo. Kuta za mbele ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa. Za uani ni tofali za saruji zilizoongezwa baadaye. Paa ni bati la migongo la geji 30, linafunika mita 9 kwa 12. Wenyeji sita, wageni wa Idi kumi na wanne.

Mwezi wa Ramadhani unategemewa kuandama 18 au 19 Februari, na Idi kuwa 20 au 21 Machi. Masika nayo huanza kunyemelea katikati ya Machi. Mwaka huu, basi, wageni na mvua wanakuja pamoja. Kazi zote za kupanda juu, kubomoa na kupiga plasta lazima ziishe kabla ya mfungo: fundi aliyefunga hashindi juani, na chokaa inahitaji siku kavu ambazo ziko sasa, kaskazi ikivuma, wala si Machi.

Utaratibu: juu kwenda chini, nje kuja ndani. Paa, mifereji, tangi, kuta, choo, milango, ndipo vitanda na jiko. Rangi mwisho. Nyumba nyingi hapa mjini hufanya kinyume, huanza na rangi ya baraza kwa kuwa ndiyo inayoonekana, na ikifika Aprili michirizi ya kahawia inashuka juu ya rangi ya mwezi mmoja.

Jumanne, 13 Januari. Kutafuta matundu

Saa sita mchana mtu mmoja amepanda darini bila tochi, akikanyaga mbao tu, maana siling bodi haibebi mtu. Ndani kukiwa giza na nje jua kali, tundu la msumari linawaka kama nyota. Kila penye nuru anachomeka chelewa ya ufagio itokeze juu. Kesho yake asubuhi aliye juu ya paa anaona chelewa zimesimama juu ya bati, anazungushia kila moja chaki. Hakuna kubahatisha wala kupigiana kelele.

Njia hii ina upungufu mmoja. Penye bati mbili zilizopandana nuru haipiti ingawa maji yanapita. Hapo ni mpira wa maji: anza chini karibu na mfereji, dakika kumi mahali pamoja, halafu panda. Ukianzia juu kwenye kofia, yaani bati la kileleni, paa zima linalowa na hujui lililovuja ni lipi. Na doa la darini lisikudanganye. Maji yakishaingia hufuata papi, mbao zinazobeba bati, huteleza hata mita mbili, ndipo yanadondoka.

Hesabu: matundu 41. Kati yake 29 ni ya misumari, 8 ni ya kutu, 4 ni ya misumari iliyopigwa bondeni mwa bati badala ya mgongoni. Hiyo ya bondeni ni kosa la siku ya kwanza ya ujenzi: bondeni ndiko maji yanakopita.

Jumamosi, 17 Januari. Paa

Kazi imefanywa saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne asubuhi. Baada ya hapo bati haligusiki. Kukanyaga ni juu ya mistari ya misumari tu, kwa kuwa chini yake kuna papi. Katikati bati la geji 30 linabonyea, na penye kubonyea maji yatatuama.

Misumari imelegea kwa sababu bati haitulii. Kipande cha mita 3 joto likipanda kwa nyuzi 40 hurefuka milimita 1.4 hivi, jioni kinarudi, kila siku, miaka yote. Msumari laini unavutwa kidogo kidogo, raba yake inapasuka kwa jua, na tundu linakuwa pana kuliko msumari. Kuupiga nyundo urudi ndani kunasaidia wiki chache tu. Tumeng'oa yote 29, nyundo ikiegemezwa kwenye kipande cha ubao ili mgongo wa bati usibonyee, tukaweka skrubu za inchi 2½ zenye raba nyeusi. Kaza mpaka raba ivimbe kidogo pembeni, basi. Ikifinywa mpaka itoke nje ya kofia ya skrubu imeshakufa.

Silikoni: ile inayonuka siki isiguse bati. Tindikali yake inakula zinki, na mwaka ujao tundu litakuwa kubwa kuliko ulilokuwa unaziba. Nunua isiyonuka siki, au tumia lami na kitambaa cha nyuzi: piga msasa mpaka kutu iliyolegea itoke, futa, paka lami, laza kitambaa kipitilize tundu sentimita 5 kila upande, paka tena. Matundu ya msumari wa bondeni yamezibwa hivyo hivyo baada ya kuwekewa kiraka cha bati.

Upande wa uani bati zilipandana sentimita 7 tu. Zinatakiwa 15. Kusi ikianza Aprili mvua haishuki, inasukumwa kupanda, na sentimita 7 si kitu. Dawa rahisi bila kuezua: kipande cha bati cha upana wa sentimita 40 kimechomekwa chini ya bati la juu na juu ya bati la chini, kikafungwa mgongoni. Vipande vimekatwa chini, kwa mkasi. Grainda juu ya paa hapana: chenga zake za moto hujibandika kwenye zinki na kila chenga inakuwa doa la kutu.

Jumanne, 20 Januari. Mifereji

Mfereji wa kulia ulikuwa unamwaga upande usio na bomba. Ndiyo maana ukuta wa chumba cha pili haukukauka mwaka mzima. Mteremko wa kutosha ni sentimita 1 kwa kila mita 3, kwa hiyo mita 12 zinashuka sentimita 4. Ukizidisha, mwisho wa mfereji unakuwa mbali na bati na mvua kubwa inaruka nje. Usipime kwa fisha bodi, ubao wa ukingoni mwa paa, maana nayo imepinda. Pima kwa mpira mwangavu uliojazwa maji. Vishikizo ni kila sentimita 60, yaani 21 kila upande. Vya zamani vilikuwa kila mita na nusu na mfereji ulikuwa umefanya tumbo.

Jumamosi, 24 Januari. Tangi

Watu 20 kwa lita 50 kila mmoja ni lita 1,000 kwa siku, na mwezi wa Ramadhani wudhu na vyombo vinaongeza. Simtanki la lita 2,000 ni akiba ya siku mbili maji ya bomba yakikatika. Mvua ya milimita 10 juu ya paa hili, mita za mraba 108, ni lita 1,080. Toa zinazopotea kwa kuruka na kulowesha bati, hesabu asilimia 80, zinaingia kama lita 860. Mvua mbili nzuri na nusu hivi linajaa.

Sasa maji ya kwanza. Bati limekaa miezi ya kaskazi na vumbi, majani na kinyesi cha kunguru. Nusu milimita ya kwanza inatakiwa kumwagwa, na kwa paa hili ni lita 54. Mafundi wengi huweka kipande cha bomba la inchi 4 chenye urefu wa mita moja, wanaziba chini, wanasema hicho ndicho kichujio. Bomba hilo linabeba lita 8. Ili libebe 54 ungehitaji karibu mita 7 za bomba. Tumeweka pipa la lita 60 kabla ya tangi: maji yanaingia pipani kwanza, likijaa yanapita kwenda tangini. Chini ya pipa kuna koki inayoachwa ikidondosha kidogo kidogo ili liwe tupu kabla ya mvua inayofuata. Koki hiyo huziba kwa mchanga, kwa hiyo ikaguliwe kila baada ya mvua.

Tangi likijaa lina uzito wa tani mbili. Kitako kimejengwa kwa tofali kimo cha sentimita 50 ili ndoo ikae chini ya koki, ndani kifusi kimeshindiliwa kila sentimita 15, juu zege la mita 1.6 kwa 1.6, unene sentimita 10, lenye wavu wa chuma. Saruji mfuko mmoja na robo tatu; kwa kila sehemu moja ya saruji, mchanga sehemu mbili, kokoto nne. Zege limemwagiwa maji siku saba kabla ya tangi kupandishwa. Mdomo wa kuingilia na bomba la kufurikia vimefungwa wavu wa mbu. Mbu wa dengue wanapenda maji safi ya tangi kuliko ya mtaroni, na yai huwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi.

Jumamosi, 31 Januari. Kuta za mbele

Hapa ndipo fedha nyingi za mji huu hupotea. Ukuta wa matumbawe na chokaa unanyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa kwa kupumua. Ukiupiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta umeuziba pua. Maji yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, inakuwa chembe, inasukuma, na plasta inadondoka kwa mapande. Mwenye nyumba anaita fundi, fundi anaongeza saruji, na ugonjwa unapanda ghorofa.

Plasta ya saruji imebomolewa kimo cha mita moja kuanzia chini, tarehe 15 Januari. Chumvi nyeupe iliyotoka imefagiwa ikiwa kavu na kuzolewa. Usiioshe, maji yanairudisha ndani. Ukuta ukaachwa wazi siku 11 upigwe upepo.

Plasta mpya: chokaa 1, mchanga 3. Mchanga wa pwani hapana, hata ukioshwa mara mbili, kwa kuwa chumvi iliyobaki huvuta unyevu wa hewa na ukuta unatoka jasho hata pasipo mvua. Mafundi wa zamani huuonja kwa ncha ya ulimi, na si mzaha. Kupima matope: jaza nusu chupa ya mchanga, ongeza maji, tikisa, acha saa tatu. Tabaka la matope juu likiwa jembamba kama ukucha, poa. Likiwa nene kama kidole, tafuta mchanga mwingine.

Tabaka la kwanza la milimita 10 limepigwa Jumatatu ya tarehe 26. Ukuta ulilowanishwa kwanza. Baraza linatazama mashariki, na jua la asubuhi lilikausha kipande cha mita mbili kabla hatujatundika magunia. Jumatano kilikuwa kimejaa nyufa za nywele. Chokaa haikauki tu kama udongo, inakomaa kwa kuvuta hewa polepole ikiwa na unyevu. Kipande hicho kimekwanguliwa na kupigwa upya, magunia yaliyoloweshwa yakining'inia mbele yake, na kunyunyiziwa asubuhi na jioni.

Jumamosi, 7 Februari

Tabaka la pili la plasta limeisha. Chokaa ya kupaka imechovywa kwenye pipa la chuma. Chokaa mbichi ndiyo inayotiwa ndani ya maji kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu ya chokaa. Inachemka kwa nguvu zake yenyewe na kuruka. Miwani, glavu, watoto ndani ya nyumba. Ikae wiki mbili. Asiye na subira anunue chokaa ya mfuko, ailoweke usiku kucha.

Jumatano, 11 Februari. Choo na shimo

Shimo linalobeba watu sita litapokea watu ishirini kwa siku tano, ardhi ikiwa imelowa. Kipimo: mti mrefu, mita ya chini imefungwa kitambaa cheupe, unashushwa taratibu mpaka chini, unasubiri dakika mbili, unatoa. Tope linaacha doa zito lenye mpaka. Maji yote mita 1.5, tope sentimita 48, utando wa juu sentimita 9. Jumla 57. Kanuni ni kunyonya tope na utando vikizidi theluthi moja, na theluthi hapa ni 50. Gari la maji taka limeitwa.

Usisubiri Aprili kwa sababu mbili. Gari hilo zito linazama vichochoroni. Na shimo lisilojengewa kuta likitolewa maji ardhi ya pembeni ikiwa imeshiba, kuta zinaweza kuporomoka.

Choo cha kuchuchumaa kimeachwa kama kilivyo. Kwa ajili ya wazee wawili kimenunuliwa kiti cha kuweka juu yake na mshikio wa chuma umefungwa ukutani kwa boliti.

Jumamosi, 14 Februari. Milango

Mlango wa chumba cha nne hugoma kila masika, na kila masika hupigwa randa palipogoma. Kiangazi unabaki na mwanya wa kupitisha panya. Mbao haivimbi kwa kupenda: maji huingia zaidi pale nyuzi zilipokatwa, yaani ukingo wa juu na wa chini, ambako hakuna fundi anayepaka kitu kwa kuwa hakuonekani. Mlango umeshushwa kwenye bawaba, ukalazwa. Ukingo wa chini ulikuwa mkavu, wa kijivu, umefunguka kama ufagio. Msasa, vanishi tabaka tatu juu na chini, siku moja kati ya tabaka na tabaka. Nafasi kati ya mlango na fremu imewekwa milimita 3, mbao ikiwa kavu. Bawaba za chuma zimetiwa grisi. Hewa ya chumvi hapa inazishika kutu ndani ya mwaka.

Umeme: waya unaoingia kutoka nje umefanyiwa kitanzi kinachoning'inia kabla ya tundu la ukutani, ili maji yadondokee kitanzini yasifuate waya mpaka kwenye meinswichi. Kitufe chenye herufi T, cha kujaribu kifaa kinachokata umeme ukivuja, kimebonyezwa; kimekata kama inavyotakiwa. Kisipokata, ita fundi umeme kabla ya mvua.

Jumamosi, 28 Februari. Chokaa ya kupaka, na vitanda

Chokaa imepakwa kuta za mbele tabaka nne, nyepesi kama maziwa, ukuta ukiwa na unyevu, siku moja kati ya tabaka. Ikipakwa ikiwa nyepesi hivyo haionyeshi kitu, na ndipo watu huizidisha unene na baadaye ikawapaka mashati. Inakuwa nyeupe ikikauka. Tofali za uani zimepakwa emalsheni ya kawaida.

Ukungu mweusi nyuma ya makabati: robo lita ya jiki ndani ya lita nne za maji, paka, acha dakika kumi, sugua, madirisha wazi. Isichanganywe kamwe na siki, amonia wala dawa ya choo yenye tindikali, gesi yake inaua. Makabati yamesogezwa sentimita 5 kutoka ukutani. Udi ni wa kumkaribishia mgeni, si wa kuficha ukungu. Nguo zilizofukizwa bila kukauka zinanuka vyote viwili.

Mito ya sufi imefunguliwa, ikaanikwa siku tatu, ikachambuliwa kwa mkono. Sufi ikishika unyevu hujifunga mabonge na haitanuki tena.

Kunguni wamepatikana kwenye kitanda kimoja cha samadari, katika maungio ya mguu wa kichwani. Alama ni vitone vyeusi kama wino na maganda ya rangi ya chai. Jua peke yake halitoshi, kwa kuwa kunguni huhamia upande wa kivuli. Maungio yamefunguliwa, yakamwagiwa maji yanayotokota, mashuka yakachemshwa, mishono ya godoro ikapitishwa pasi ya moto. Itarudiwa tarehe 10 Machi, kwa ajili ya mayai yaliyosalimika. Wageni nao huja na kunguni ndani ya mabegi, kwa hiyo mabegi yatawekwa juu ya benchi ukumbini.

Vyandarua: vinane vyenye dawa, vimefuliwa kwa sabuni ya kipande na kuanikwa kivulini. Jua linaharibu dawa.

Jumamosi, 7 Machi. Jiko

Mkaa magunia mawili, juu ya mbao, mbali na ukuta. Uliolowa hupasuka na kurusha cheche. Mvua ikinyesha kuna tabia ya kuingiza jiko la mkaa ukumbini na kufunga mlango. Haifai, moshi usioonekana huua waliolala. Upande wa uani limejengwa paa dogo la bati la mita 2 kwa 3 ili mpishi asifukuzwe na mvua. Mtungi wa gesi wa kilo 15 umejaribiwa kwa povu la sabuni kwenye maungio: povu limetutumka kwenye regyuleta, raba imebadilishwa.

Mchele wa pilau kilo moja kwa watu sita. Watu 20 wanataka kilo tatu na theluthi. Umewekwa nne, kwa kuwa kuna sahani za majirani. Nyama kilo tatu, viazi kilo mbili, sufuria la lita 20. Mchele umepepetwa, umechaguliwa na kuwekwa ndani ya ndoo zenye mfuniko. Hiliki, bizari nzima na mdalasini visisagwe sasa. Visagwe siku mbili kabla ya Idi.

Alhamisi, 12 Machi. Mvua ya kwanza

Imenyesha saa tisa usiku, dakika arobaini. Chungu kilichoachwa uani kimeonyesha milimita 14. Pipa la kwanza limejaa maji meusi, tangi lina lita zaidi ya elfu moja, maji meupe. Mifereji haikuruka.

Dari limevuja mahali pamoja, juu ya chumba cha tano, matone kama thelathini. Chanzo si tundu: skrubu moja kati ya zile 29 ilikazwa kupita kiasi, raba imetoka pembeni. Imebadilishwa saa moja asubuhi bati likiwa baridi. Mlango wa nne unafunga.

Yaliyobaki: kurudia samadari ilivyopangwa juzi, ikacheleweshwa, kununua umeme wa LUKU mapema, kabla ya msongamano wa mkesha, kumwaga pipa.